Chumba Kingine

Saa tisa usiku, Kaptembwo.
Nimetoka zamu na dizeli kwenye kola,
nimenawa mara tatu, nimejipaka mafuta hadi viwikoni,
na bado mikono inanuka glavu.

Simu iko kifuani. Somo la nne kati ya saba.
Mwanamke asiye na jina ananisemesha sikioni
kwa sauti ya mtu aliyelala vyema maisha yake yote:
"Kitanda ni cha usingizi tu.
Usile juu yake. Usifanyie kazi juu yake.
Na simu, tafadhali, iache chumba kingine."

Nacheka kimya nisimwamshe Kemunto.
Bibi wewe, umo ndani ya simu, waniambia niiache simu!
Na kitanda hiki unachokitaja
ndicho kochi, ndicho kiti cha wageni,
ndipo Nafuna anapopigana na hesabu za desimali,
ndipo tulipokunjia nguo za msiba.
Chumba kingine kipo, sikatai,
ila kina mwenyewe, naye analipa kodi.

Somo la kwanza lilinipa daftari.
Ulilala saa ngapi? Uliamka mara ngapi? Sababu?
Jumatatu: sikulala.
Jumanne: lepe moja, nimesimama, foleni ya choo.
Jumatano, sababu: Salgaa.
Alhamisi, sababu: Salgaa.
Tanui, dereva wetu, akachungulia begani pangu.
"Simatwa, unamaliza wino bure. Weka alama ya kurudia."

Somo la pili: pumua.
Vuta kwa nne, shikilia saba, toa kwa nane.
Lakini mimi hesabu huwafanyia wengine,
thelathini kifuani, mbili mdomoni,
na nikihesabu gizani viganja huanza vyenyewe
kulisukuma godoro.
Kemunto aliamka akaniuliza,
"Ni nani huyo unayemfufua?"

La tatu likasema: fikiria barabara,
ndefu, tulivu, miti huku na huku,
hakuna mtu.
Nikang'oa waya sikioni.
Barabara hiyo naijua.
Ina mteremko. Ina miti huku na huku.
Hakuna mtu kwa sababu wote wamo mtaroni.
Na kiatu kimoja cha shule, juu ya lami,
kimefungwa kamba vizuri, mafundo mawili,
kama anavyofunga mtu asiyetaka mtoto ajikwae.

Basi leo dakika ishirini zimepita macho makavu,
na somo linasema ondoka kitandani, usibishane nacho.
Nimetii. Nimetoka nje, kwenye korido ya ploti,
nikapindua ndoo, nikakaa kando ya mfereji
ambao hudondoka hata ukikazwa na wanaume wawili.

Mlango wa sita ukalia.
Achesa wa zimamoto, kaptura na koti la mvua,
waya sikioni.
Tukatazamana kama watu waliokutana kwa mganga.
"La ngapi?"
"La nne."
"Hata mimi. Amekwambia chumba kingine?"
"Ameniambia."
Akapindua ndoo yake.

Hatukutaja moto. Hatukutaja mtaro.
Tulisema bei ya mkaa, tukasema landilodi na mfereji wake,
kisha maneno yakaisha na hakuna aliyeyatafuta.
Kule mwisho Nyanchama alianza kukanda unga wa mandazi,
pu, pu, pu, bila haraka,
na shingo ya Achesa ikalegea ukutani.
Nikamtazama kifua, mazoea hayo:
kinapanda, kinashuka.
Sikuhesabu.

Ijumaa.
Ulilala saa ngapi? Saa kumi na moja kasorobo, kwenye ndoo;
sijui nani alinirudisha ndani.
Uliamka mara ngapi? Moja.
Sababu: Nafuna, anatafuta kiatu cha pili.
Kilikuwa chini ya kitanda.